Meza Moja, Watu Sita, Asikae Mtu Bure

Mchezo wa vita wa mezani ukichezwa na watu wawili hauhitaji msimamizi. Mmoja anasogeza vikosi vyake, mwenzake anamkodolea macho kwa sababu kila hatua inamgusa, kisha zamu inageuka. Ukiwaalika sita, hesabu inaharibika. Tuseme kila mmoja anahitaji dakika 8 kusogeza askari wake, kufyatua risasi na kurusha dadu. Mkicheza mmoja baada ya mwingine, atakayemaliza zamu yake atangoja dakika 40 ndipo imrudie. Katika mchezo wa saa 4 atakuwa amecheza dakika 40 tu, na muda wote uliobaki amekuwa mtazamaji.

Dalili zake zinafahamika. Mtu anainuka kwenda kuangalia chai. Simu inatoka mfukoni. Anapoitwa anauliza, "Kumbe ni zamu yangu?" na inabidi asimuliwe upya kilichotokea, adui amefika wapi, kile kilima kimechukuliwa na nani. Zamu yake ya dakika 8 sasa inakula 12, wengine wanazidi kungoja, na wao nao wanatoa simu. Mwezi unaofuata ukiwaalika watu wale wale, wawili watakuambia wana msiba.

Nisingependa lawama iwaendee wachezaji. Kuwashughulisha watu ni kazi ya aliyeandaa meza, na inaanza siku kadhaa kabla wageni hawajabisha hodi. Kipimo ninachokiamini ni kimoja: baina ya uamuzi mmoja wa mchezaji na uamuzi wake unaofuata zinapita dakika ngapi? Zikizidi 10, meza ina kasoro. Wingi wa vijisanamu hauna uzito. Mwenye askari 12 anayelazimika kuamua jambo kila baada ya dakika chache yumo mchezoni. Mwenye 200 anayesubiri wenzake watano ni mlinzi wa ghala.

Dawa ya kwanza, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote, ni kuacha kufuatana. Upande mzima usogee kwa pamoja: watu watatu mikono mezani kwa wakati mmoja, kila mmoja na vikosi vyake, kisha watatu wa upande wa pili. Dakika 40 za kungoja zinashuka hadi 8. Na hizo 8 zisiwe za kukaa bure. Anayeshambuliwa ana dadu za kujiokoa, ana askari wa kuondoa, anaamua kama kikosi chake kinasimama au kinarudi nyuma. Kama kanuni mnazotumia hazimpi kazi hiyo, mpeni ninyi. Usimrushie mtu dadu zake hata kama amekwenda kunawa mikono. Mngoje arudi azirushe mwenyewe, maana kifo cha kikosi chake kinamuuma zaidi kikitoka mkononi mwake, na anayeumia bado yumo.

Fletcher Pratt, mwandishi wa Marekani, alilielewa jambo hili mapema. Miaka ya 1930 aliendesha vita vya manowari sakafuni mjini New York, na mwaka 1940 akachapisha kanuni zake. Mchezaji alipewa meli yake. Ulipofika wakati wa kupiga mizinga, hakuna aliyemngoja mwenzake: watu walilala kifudifudi sakafuni, wakapima kwa jicho umbali wa meli ya adui, wakaweka mshale wa kuonyesha uelekeo, wakaandika kwenye karatasi ni inchi ngapi. Ndipo waamuzi walipopita na tepu, wakapima, wakaonyesha makombora yameangukia wapi. Dadu hazikutumika kabisa. Wakiwa wanne au ishirini, muda wa kila mtu kupiga ulikuwa ule ule. Na ile dakika ya waamuzi kupita na tepu kila mtu aliingoja kwa hamu, kwa sababu karatasi yake ilikuwa chini na hakuweza tena kuibadilisha.

Unaweza kuazima mbinu hiyo bila kulala sakafuni. Kata vikaratasi, kila kikosi kiwe na vitatu: shambulia, shikilia, rudi nyuma. Kila mchezaji aweke kimoja kifudifudi kando ya kikosi chake, na vyote vifunuliwe kwa pamoja. Wings of War, mchezo wa ndege za Vita vya Kwanza vya Dunia uliotoka mwaka 2004, umejengwa juu ya wazo hilo: wote wanachagua kwa siri kadi za kuruka, wote wanafunua. Ndiyo maana watu wengi hukaa kwenye meza moja ya mchezo huo wasichoke.

Saa nayo itumike, pasipo haya. H. G. Wells, katika kitabu chake Little Wars cha mwaka 1913, alipendekeza dakika moja kwa kila askari 30 na dakika moja kwa kila mzinga, hata mwenye askari 110 na mizinga mitatu akapata dakika 7. Huo ni ukarimu wa kutosha. Weka simu mezani ikihesabu, wote waione. Atakayekuwa hajasogeza kikosi muda ukiisha, kikosi hicho kimebaki kilipo. Mara ya kwanza watanung'unika, mara ya pili watakuja wameshafikiria la kufanya kabla zamu yao haijafika. Aliye katika kufikiri hachoki.

Baadhi ya kanuni huachana na zamu za pande na kutumia bahati. Larry Brom, katika The Sword and the Flame ya mwaka 1979, alitumia karata za kawaida: ikitoka nyekundu kinasogea kikosi cha upande huu, ikitoka nyeusi cha upande ule. Bolt Action, ya mwaka 2012, huweka mfukoni dadu za rangi ya kila upande, moja kwa kila kikosi, na zinachomolewa moja moja. Uzuri wake ni kwamba hakuna anayejua zamu yake itaangukia lini, kwa hiyo hakuna anayethubutu kuondoka. Lakini kwa watu sita wenye vikosi vitatu kila mmoja, utachomoa mara 18 kwa kila mzunguko, na kila mara watano wanamtazama mmoja. Napendekeza mambo mawili. Kwanza, chomoa karata mbili kwa pamoja. Kama vikosi viko ncha mbalimbali za meza, wasogee wote mara moja. Pili, andika majina ya wachezaji kwenye karata badala ya kutegemea rangi za pande, la sivyo mwenye sauti kubwa atazila karata zote za upande wake, na yule mpole wa pembeni atamaliza mchana hajasogea.

Ziko pia kanuni zinazokatisha zamu mtu akikosea dadu. Lion Rampant ya Daniel Mersey ni mfano: ukishindwa kuamuru kikosi, zamu yako imekwisha na mwenzako anaanza. Kwa watu wawili ni tamu sana. Kwa watu sita, mmoja akikosa kwa dadu ya kwanza asiwafungie wenzake wawili wa upande wake. Aliyekosa ndiye apoteze vikosi vyake vilivyobaki, wengine waendelee. Hata hapo mpe kitu kimoja kidogo: kikosi kimoja chake kiruhusiwe kufyatua bila kusogea. Nimeona mchezaji mgeni akikosa zamu tatu mfululizo kwa bahati mbaya ya dadu peke yake. Hakuna maelezo ya kanuni yatakayomrudisha mtu huyo wiki ijayo.

Haya yote ni ya kanuni. Ila kasoro nyingi ninazoziona zinatoka kwenye ramani ya mchezo, na hapo ndipo mwandaaji anapohitaji kukaa na kalamu.

Chukua mapigano ya Tanga ya Novemba 1914. Jenerali Aitken wa Uingereza alikuja baharini na askari wapatao 8,000 kutoka India, wakiwemo Waingereza wa kikosi cha Loyal North Lancashire. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na kama 1,000, wengi wao askari Waafrika, akiwaleta kwa treni kutoka Moshi. Washambuliaji walishuka Ras Kasone, wakauelekea mji kupitia mashamba na vichaka. Tarehe 4 wale wa Kashmir Rifles na North Lancashire, waliokuwa kulia, upande wa bandari, walifika hadi mjini. Vikosi vingine vilivunjika njiani. Nyuki waliotibuliwa mitini wakawavamia watu. Na Wajerumani wakawapiga washambuliaji ubavu wa kushoto. Kesho yake waliosalimika walirudi melini.

Mwandaaji anayefuata historia bila kuwafikiria wachezaji atagawa hivi: Waingereza wawili mbele, wa tatu akiba iliyo bado ndani ya mashua, Wajerumani mmoja mjini, mmoja kwenye reli, wa tatu ndani ya treni. Historia imeheshimiwa, lakini watu wawili kati ya sita wamekuja kwako kunywa soda. Yule wa treni, ambaye ndiye atakayelipiga pigo kubwa la siku, atakaa saa mbili akiitazama meza asiyo na kitu juu yake.

Mimi ningeanza na huyo wa treni. Mchezo unapofunguliwa, mpe doria ndogo pale Ras Kasone, askari wanane au kumi vichakani, mbele ya adui anayeshuka mashuani. Ana uamuzi mzito kila mzunguko: azidi kufyatua na kuwachelewesha, au arudi mjini kabla hajazingirwa? Doria ikiisha au ikirudi, tayari treni ni yake. Kila mzunguko anachagua: kuwashusha askari wachache sasa hivi, au kungoja ili washuke wengi kwa pamoja baadaye. Akiwa na kikaratasi cha ratiba ya treni mkononi, mtu huyo anakuwa ndiye anayefuatiliwa kuliko wote chumbani, kwa sababu wenzake wawili wanamlilia na maadui watatu wanaviziana naye.

Yule wa mashua mpe mizinga ya Fox, manowari ya Waingereza. Kila mzunguko achague pa kupiga, na kwa kuwa vichaka vinaficha kila kitu, dadu mbaya ipeleke kombora mahali pasipokusudiwa. Hapo wenzake watambembeleza apige, au watamsihi asipige, na yeye ataamua. Zaidi ya hayo, punguza meza. Mzunguko wa pili usipite kabla kila mchezaji hajawa na adui wa kumpiga au wa kumkimbia. Kama kikosi kinahitaji mizunguko mitano ya kutembea kabla ya risasi ya kwanza, kisogeze mbele wewe mwenyewe unapopanga meza, utembee kwa niaba yake. Historia haitadhurika.

Kwenye vibao vya vikosi andika majina halisi, na kwa askari Waafrika andika namba za kombania zao, wasiwe kundi lisilo na jina. Watu hao walikuwa na ndugu, na wengine wetu tumetokana nao. Anayepewa kikosi chenye jina hukilinda tofauti na anayepewa "wale wa kahawia."

Sasa nyuki. Waandaaji wengi huwafanya karata ya bahati tu. Ningependa wawe na mwenyewe: mchezaji wa kwanza kupoteza zaidi ya nusu ya askari wake apewe nyuki, na kila mzunguko aamue wanaruka kuelekea kichaka gani. Wanamuuma yeyote aliye karibu, rafiki au adui. Hii inanileta kwenye tatizo linaloua meza za watu wengi kuliko lolote, yaani mtu kutolewa mapema.

Kutolewa ni haki katika mchezo wa watu wawili, kwa sababu mchezo unaisha hapo hapo. Katika mchezo wa sita ni adhabu ya kukaa saa mbili ukiwatazama wenzako wakifurahi. Gaslands, mchezo wa mwaka 2017 wa magari madogo ya kuchezea yenye silaha, unalikabili kwa ujasiri: gari lililoharibiwa linaweza kurejeshwa mezani kwa kura za watazamaji wa kubuni. Katika vita vya kihistoria fanya kwa namna yake: kikosi kilichovunjika kirudi na nusu ya watu wake kutoka ukingo wa meza, au aliyeishiwa apewe kikosi cha mwenzake mwenye vingi. Mpe mamlaka kamili juu ya kitu fulani, hata kiwe kidogo. Kumwambia "msaidie fulani kurusha dadu" si kazi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ulitokea Minnesota, Marekani, mwaka 1969. David Wesely aliandaa vita vya enzi ya Napoleon kuzunguka mji wa kubuni alioupa jina Braunstein. Watu walikuwa wengi kuliko nafasi za makamanda. Hakuwaambia waliozidi wakae pembeni. Akawapa watu wa mji wenyewe: huyu meya, huyu kiongozi wa wanafunzi wenye siasa kali, kila mmoja na jambo lake la siri la kutimiza. Wakaanza kunong'onezana, kupanga njama, kukamatana, hata vita vyenyewe vikasahaulika. Dave Arneson alikuwa mmoja wa wachezaji wa kundi hilo, na kutokana na aina hiyo ya uchezaji, miaka mitano baadaye, yeye na Gary Gygax wakatoa Dungeons & Dragons. Kwa hiyo wageni wawili wakija bila kutarajiwa, usiwatafutie vikosi. Tanga ilikuwa na watu: mpe mmoja mkuu wa kituo cha reli, mwingine mfanyabiashara mwenye nyumba katikati ya mji ambaye anataka isiungue, kila mmoja na lengo lake kwenye kikaratasi. Muda wa kuwaandalia ni dakika kumi.

Kuna mtu mwingine anayewanyamazisha wenzake bila kukusudia, naye ni mjuzi. Anazijua kanuni kwa moyo, anaipenda historia, na ananyoosha mkono kusogeza vikosi vya jirani yake huku akieleza kwa nini. Jirani ameketi mchezoni, lakini hachezi. Weka sharti lisilo na mjadala: mkono wako usiguse kisanamu cha mwenzako. Ushauri nao uwe na gharama. Katika Kriegsspiel, mchezo wa vita wa Prussia uliokamilishwa na von Reisswitz mwana mwaka 1824, makamanda waliandika amri zao na mwamuzi peke yake ndiye aliyeiona ramani nzima. Mjini Liverpool, kuanzia mapema mwaka 1942, Gilbert Roberts na wanawake wa jeshi la majini waliwafundisha maofisa wa meli za kusindikiza misafara kwa mchezo wa sakafuni: wanafunzi walisimama nyuma ya mapazia ya turubai, wakichungulia kwa tundu ili waone kile tu ambacho wangekiona baharini, na muda wa kutoa amri ulihesabiwa kwa dakika. Kati ya wanawake hao walikuwamo Jean Laidlaw na Janet Okell. Hakuna aliyeweza kumchezea mwenzake, kwa kuwa hakuna aliyejua mwenzake anaona nini.

Nyumbani huna turubai, lakini unaweza kuagiza hivi: makamanda walio mbali zaidi ya sentimita 30 mezani wasizungumzie mbinu, ila kwa barua ya maneno 10, nayo ifike mzunguko unaofuata. Mjuzi atatii, na atafurahia, maana sasa ana tatizo jipya la kutatua. Vilevile mpe yeye sehemu ngumu ya uwanja, pale ambapo kila dakika kuna moto, akose nafasi ya kuwatazama wengine. Mgeni mweke katikati ya meza, asiachwe ncha ambako habari zinamfikia zimechelewa, na mpe vikosi vya aina moja ili awe na kanuni chache za kukumbuka. Karatasi moja yenye umbali wa kutembea, umbali wa kupiga na namba za dadu, chapa nakala sita. Nakala moja inayozungushwa ni foleni nyingine.

Kuhusu meza yenyewe: isizidi upana wa sentimita 150, la sivyo wafupi hawatafika katikati na watabaki kuwaomba wenzao wawasogezee. Urefu uwe wowote ulio nao. Vijisanamu vya kununua nje ni ghali, na si lazima. Karatasi ngumu iliyokatwa na kupakwa rangi, iliyogandishwa kwenye kizibo cha soda, inasimama vizuri na watoto wanaweza kuitengeneza. Afadhali kila mtu awe na vikosi vitatu vya karatasi kuliko wawili kuwa na majeshi ya madini na wanne kushika dadu.

La mwisho linakuhusu wewe mwandaaji: usicheze. Najua umetumia wiki nzima kupaka rangi na mikono inakuwasha. Lakini watu sita wanahitaji mtu mmoja asiye na upande, wa kujibu maswali papo hapo, kuchomoa karata, kubeba barua na kumtazama aliyenyamaza. Ukiona mtu hajaguswa na lolote kwa muda mrefu, mletee: doria imeonekana kushoto kwako, daraja limeungua, jenerali anataka jibu lako. Tangaza saa ya kumaliza tangu mwanzo, na ikifika simamisha hata kama mapigano yamenoga. Kabla hawajavaa viatu, muulize kila mmoja peke yake ni uamuzi gani ulimpa tabu zaidi siku hiyo. Atakayekosa la kusema, andika jina lake, na mchezo ujao uanze kuupanga kwa kutafuta nafasi yake kwanza.